Mtoto ana pumu na anataka mbwa? Usidanganywe na manyoya

Mtoto akishaanza kuomba mbwa, hasahau. Ataomba asubuhi kabla ya shule, ataomba jioni akirudi, na akimuona mbwa wa jirani atasimama kumwangalia mpaka aitwe. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ana pumu, ombi hilo huleta mawazo. Amkatalie? Au atafute yule mbwa anayesifiwa kuwa hapukutishi manyoya na hivyo hana madhara kwa kifua?

Lamadi, mji mdogo wa Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, mbwa si mgeni. Hulinda mifugo na nyumba usiku, na wengi ni wa kienyeji wenye manyoya mafupi. Lakini simu zimeleta picha za mbwa wengine: Poodle mwenye nywele za kujikunja, Maltese mweupe kama pamba, Shih Tzu na Yorkshire Terrier. Hao ndio hutangazwa kuwa "hawaleti aleji", na neno hilo hupandisha bei.

Kabla ya kutoa fedha, mzazi ajue jambo moja: manyoya siyo yanayombana mtoto kifua.

Tatizo liko kwenye mate na ngozi

Mzio wa mbwa husababishwa na protini zilizomo kwenye mate yake, mba wa ngozi yake na mkojo wake. Mbwa anapojilamba, mate hukauka juu ya mwili, kisha hugeuka chembe ndogo sana zinazoelea hewani na kutua kwenye godoro, mapazia na nguo. Manyoya huzibeba tu. Na kwa kuwa kila mbwa ana mate na ngozi, kila mbwa hutoa protini hizo, hata yule asiye na manyoya kabisa.

Ni kweli Poodle hupukutisha kidogo. Nywele zake hukua muda mrefu kabla ya kung'oka, na zinazong'oka hunaswa katikati ya nyingine. Sakafu hubaki safi, na hiyo ni nafuu kwa anayefagia. Kwa mapafu ya mtoto, si kinga.

Imani kuhusu mbwa wa aina hii ilipata nguvu mwaka 2009, familia ya Rais Barack Obama wa Marekani ilipomchukua Bo, wa jamii ya Portuguese Water Dog, kwa sababu binti yao Malia ana mzio. Lakini mwaka 2011, watafiti wa Hospitali ya Henry Ford mjini Detroit walitoa matokeo ya kupima vumbi katika nyumba 173 zenye mbwa mmoja. Nyumba zenye mbwa wanaosifiwa hazikuwa na protini ya mzio pungufu kuliko nyingine. Mwaka uliofuata, watafiti wa Uholanzi walikuta protini hiyo kwa wingi zaidi kwenye manyoya ya mbwa hao hao wanaosifiwa.

Ndugu wa tumbo moja hawafanani

Kisa cha Wally Conron wa Australia kinaeleza vizuri zaidi. Miaka ya 1980 alikuwa akifuga mbwa wa kuongoza wasioona, akaombwa mbwa na mwanamke wa Hawaii ambaye mume wake alikuwa na mzio. Alijaribu Poodle 33, hakuna aliyefaa kazi hiyo. Mwaka 1989 akampandisha Labrador na Poodle, wakazaliwa watoto watatu. Alituma Hawaii manyoya na mate yao yakajaribiwe. Kati ya watatu, mmoja tu ndiye hakumsumbua yule mume.

Baba mmoja, mama mmoja, majibu tofauti. Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe "ni mbwa wa aina gani?" bali "mbwa huyu, na mtoto wangu huyu, wanapatana?"

Fikiria pia hali ya hewa na matunzo

Nywele zisizopukutika hazikomi kukua. Zinahitaji kuchanwa mara kwa mara na kukatwa kila baada ya wiki chache, la sivyo hushikana mafundo, na kupe hupata pa kujificha. Shih Tzu, mwenye pua fupi, huteseka kwenye joto kali. Mbwa wa kienyeji huchanwa kwa dakika chache na ameshazoea jua.

Hatua za kufuata kabla ya kuamua

1. Mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa afya kwanza. Kukohoa usiku na kifua kubana kunaweza pia kutokana na moshi wa kuni, vumbi au mafua. Aliyewahi kulazwa kwa pumu asijaribishwe na mbwa bila ushauri wa daktari.

2. Akiruhusiwa, akae na mbwa yule yule mnayetaka kumchukua, kwa siku kadhaa tofauti. Angalia chafya, macho kuwasha, vipele na kupumua kwa mlio kama filimbi. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

3. Uliza jinsia ya mbwa. Baadhi ya watu huathiriwa tu na protini inayotoka kwenye tezi dume, hivyo jike au dume aliyehasiwa huweza kuwafaa.

4. Jenga banda nje. Mbwa asiingie chumba cha kulala wala kupanda kitandani.

5. Deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu. Mbwa aogeshwe mara kwa mara, kwani nafuu ya kuogesha hudumu siku chache tu. Mtoto anawe mikono baada ya kucheza naye na asilambwe usoni.

Mtoto akianza kubanwa baada ya mbwa kufika, msisubiri azoee. Mwoneni daktari, na mbwa atafutiwe nyumba nyingine mapema. Hata akiondoka, protini zake huweza kubaki ndani kwa miezi, hivyo godoro na mapazia yasafishwe.

Chanjo ni lazima

Mbwa wa aina yoyote achanjwe kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Ombi la mtoto linaweza kupata jibu la ndiyo. Lakini mbwa wa jirani aliyechanjwa, mtulivu, ambaye mtoto ameshacheza naye bila kukohoa, ni chaguo salama kuliko mbwa wa bei kubwa aliyeonekana kwenye simu tu.