Kratomu: mti mmoja, sura nyingi, na sheria inayozikimbiza

Mpwa wangu anayefanya kazi ya ghala huko Marekani, upande wa Chicago, alinitumia picha ya kichupa kidogo cha plastiki, kirefu kama kidole cha kati. Alikikuta kwenye kituo cha petroli, karibu na mahali pa kulipia, baina ya vibiriti na chingamu. Kimeandikwa "kratom". Wenzake wa zamu ya usiku hukinywa wasisinzie. Swali lake lilikuwa fupi: "Mjomba, hiki ni halali?"

Neno halali kwetu lina milango miwili. Ule wa dini nawaachia masheikh. Ule wa serikali ndio nitakaoujibu hapa, kwa sababu si yeye peke yake mwenye swali hili, na jibu lake si la ndiyo au la.

Kratomu ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa. Humea Thailand, Malaysia, Indonesia na nchi jirani. Wamalaysia huuita ketum. Kwa miaka mingi wagema mpira, wavuvi na wakulima wa kule wametafuna majani yake mabichi au kuyachemsha yakawa chai, wapate nguvu ya kumaliza siku. Kwa mtu wa Pwani hilo halihitaji maelezo marefu. Sote tunamjua dereva wa lori anayekesha na miraa shavuni.

Lakini mfano huo una mwisho wake. Kratomu kidogo huchangamsha. Ikizidi, hugeuka: hupunguza maumivu, hulegeza mwili na kuleta usingizi, kwa sababu kemikali yake kuu, mitrajinini, hushika sehemu zile zile za ubongo zinazoshikwa na mofini. Miraa haifanyi hivyo. Atakayekwambia kratomu ni "miraa ya Wachina" hajui anachokisema, kwa mti wala kwa nchi.

Sasa tuje kwenye sura zake, maana hapa ndipo penye shughuli.

Jani bichi halivuki bahari, linaharibika. Kinachosafirishwa ni jani lililokaushwa na kusagwa, na sehemu kubwa ya inayofika Marekani hutoka Kalimantan Magharibi, Indonesia, ambako wakulima wengi kandokando ya mto Kapuas huliishi zao hili. Huko Marekani huuzwa kwa pakiti za unga. (Najua neno hilo linavyosikika Mombasa. Huu ni unga wa majani, wa kijani, si ule uliotuzikia vijana.) Mtu huukoroga kwenye maji na kuunywa, na ni mchungu kama shubiri. Uchungu huo ulikuwa breki: ni wachache wanaoweza kunywa vikombe vitano.

Baadaye vikaja vidonge vya kapsuli, breki ya kwanza ikaondoka. Vikafuata vichupa kama cha mpwa wangu, ambavyo ndani yake kratomu imechemshwa na kukolezwa hadi kilichokuwa kwenye rundo la majani kinaingia katika mafunda mawili, na ladha ya embe au nanasi juu yake. Kuna pia pipi za kutafuna. Na miaka hii ya karibuni imezuka sura ya mwisho, iliyo nzito kuliko zote: tembe na vichupa vya kitu kinachoitwa 7-OH. Katika jani, kemikali hiyo imo kwa chembe ndogo sana. Viwandani huitengeneza kwa wingi kwa kuibadilisha mitrajinini, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa ina nguvu kushinda mofini. Duka bado hukiita kratomu. Mgema mpira wa kusini mwa Thailand angekishangaa.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama kratomu ni halali, kwanza aulizwe: ipi?

Marekani yenyewe imehangaika na swali hilo. Mwaka 2016 idara yao ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, ilitangaza kusudi la kuiweka kratomu daraja moja na heroini. Watumiaji wakapiga kelele, wabunge wakaandika barua, na kabla ya miezi miwili kupita tangazo likaondolewa. Tangu hapo kila jimbo limejipangia lake. Alabama, Arkansas, Indiana, Vermont na Wisconsin zilipiga marufuku kabisa. Utah mwaka 2019 ilichukua njia nyingine na kutunga sheria ya kumlinda mnunuzi, na majimbo kadhaa yakaifuata: bidhaa isajiliwe au ipimwe, kibandiko kiseme kilichomo, watoto wasiuziwe, na 7-OH isizidi asilimia 2 ya alikaloidi zote zilizomo. Tazama hicho kipengele cha mwisho. Hakiulizi jina la mti, kinauliza kipimo.

Juu ya majimbo kuna mamlaka ya chakula na dawa, FDA. Hiyo haijapata kuikubali kratomu kuwa dawa wala kirutubisho, na mizigo inayoingia bandarini yaweza kuzuiwa. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua salmonela iliyohusishwa na bidhaa za kratomu. Unga wa majani ulioanikwa na kusagwa mbali, bila mkaguzi, huja na yake. Julai 2025 mamlaka hiyo ilipendekeza 7-OH iliyokolezwa iwekwe chini ya sheria kali za dawa za kulevya, na ikasema wazi kuwa haikulenga jani la asili. Florida haikungoja, Agosti mwaka huo huo iliipiga marufuku 7-OH kwa amri ya dharura.

Sasa mweke mpwa wangu katikati ya hayo. Akiwa Illinois, mtu mzima huuziwa kratomu. Akiendesha gari chini ya saa moja kuelekea mashariki ameshaingia Indiana, na kichupa kile kile mfukoni kimekuwa kosa la jinai. Hakuna askari wa mpakani wa kumkumbusha. Na kwa mtu ambaye karatasi zake za ukaazi bado zinashughulikiwa, kesi ya dawa za kulevya si jambo la kulipa faini na kwenda zako.

Asia nako si shwari. Thailand iliipiga marufuku mwaka 1943. Wanahistoria hueleza kwamba serikali ilikuwa ikipata kodi kwenye kasumba, na watu walikuwa wakiikimbia bei yake na kuchuma jani la bure. Iliwachukua karibu miaka 80 kubadili mawazo: Agosti 2021 kratomu iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya na waliofungwa kwa ajili yake wakaachiwa. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuidhibiti, inayokataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, wajawazito na wanaonyonyesha. Ukivuka mpaka ukaingia Malaysia, mti ni ule ule lakini kuuza au kumiliki bila idhini kunaweza kukuletea faini ya hadi ringiti 10,000 au kifungo cha hadi miaka minne. Wanafunzi wetu ni wengi Malaysia. Wajue.

Nilipokuwa nikisoma haya nilikumbuka vurumai letu la muguka la Mei 2024. Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku, mahakama ya Embu ikasimamisha, Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa sheria ya kitaifa inaitambua miraa kuwa zao. Wiki nzima mabaraza yalibishana: zao au sumu? Nadhani tulibishania jina. Hata sheria ya kimataifa imewahi kulitenganisha jambo hili: chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kathinoni, kemikali inayochangamsha ndani ya miraa, imewekwa kwenye orodha kali kabisa, na mmea wenyewe haumo. Uingereza haikujali tofauti hiyo, ikaupiga marufuku mmea wote Juni 2014, na wakulima wa Meru wanaijua hasara yake. Kwetu swali la maana lilikuwa nani anauza, wapi, kwa mtoto wa umri gani, na kimechanganywa na nini. Hilo halikupata nafasi ya kuzungumzwa.

Na kuchanganya ndiko kunakoua. Watafiti wa serikali ya Marekani walipochunguza vifo vilivyotokana na dawa kati ya Julai 2016 na Desemba 2017, walikuta kratomu kwa watu 152 miongoni mwa zaidi ya 27,000. Katika vifo 91 ilihesabiwa kuwa sehemu ya sababu. Waliokutwa na kratomu peke yake ni 7. Wengine wengi walikuwa na fentanili au heroini pia. Hesabu hiyo ilifanywa kabla ya 7-OH kujaa madukani.

Nilimwandikia mpwa wangu hivi. Soma nyuma ya kichupa. Ukiona 7-OH, au kimeandikwa kuwa kimekolezwa bila kutaja miligramu, kirudishe ulipokitoa. Usichanganye na pombe, tramadoli wala dawa za usingizi. Usikitie kwenye begi la safari, si la Indiana wala la nyumbani. Na anayetumia kila siku asijidanganye kuwa ni majani tu: akiacha ghafla, mifupa huuma, kamasi hutiririka, usingizi hukimbia. Sisi tuna neno la hali hiyo, ni arosto, na dawa yake ni daktari, si kichupa kingine. Mjamzito asikiguse, watoto wamezaliwa nayo hiyo arosto.

Alijibu kesho yake na picha ya pili, ya nyuma ya kichupa. Maandishi madogo, na katikati yake 7-OH. Akaongeza kuwa yeye hajakifungua, ila rafiki yake wa Lamu anayelala naye chumba kimoja humaliza viwili kila zamu, na siku ya mapumziko hushinda kitandani akitetemeka. Nimemwomba namba yake ya simu.