Jinsi ya Kuanzisha Blogu: Mwongozo kwa Wakazi

Kila siku wakazi wa kaunti hupashana habari muhimu katika makundi ya WhatsApp: bei ya mahindi sokoni, dawa ya kupe iliyowafaa ng'ombe, tarehe ya mwisho ya kuomba basari. Baada ya siku mbili tatu, ujumbe umezama chini ya salamu na picha, na jirani anayeuhitaji hana pa kuupata. Blogu huondoa tatizo hili.

Blogu ni nini?

Blogu ni tovuti ndogo ambapo mtu mmoja au kikundi huandika makala mara kwa mara, yale mapya yakitangulia. Kila makala huwa na anwani yake kwenye intaneti, na hubaki hapo hadi mwenyewe ayaondoe. Mtu akitafuta jambo hilo kwenye Google mwaka ujao, anaweza kuyafikia hata kama hakufahamu.

Wakenya wameona manufaa yake. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, matangazo ya habari ya moja kwa moja yalipopigwa marufuku, wakili Ory Okolloh alikusanya taarifa za wananchi kupitia blogu yake, Kenyan Pundit. Aliuliza kama kulikuwa na mtaalamu wa kompyuta anayeweza kuziweka taarifa hizo kwenye ramani. Kutokana na wito huo, Januari 2008 yeye na wenzake walianzisha Ushahidi, mfumo ambao baadaye ulitumika hata nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010.

Hatua za kuanza

1. Chagua mada moja unayoijua vyema. Anayefuga kuku aandike kuhusu kuku. Fundi wa pikipiki aandike kuhusu pikipiki. Jiulize: majirani huja kuniuliza nini? Jibu la swali hilo ndilo makala yako ya kwanza.

2. Fungua akaunti. Blogger, inayomilikiwa na Google, na WordPress.com zote zina huduma ya bure. Unahitaji barua pepe na simu yenye intaneti. Kompyuta si lazima. Anwani ya bure huishia kwa blogspot.com au wordpress.com. Ukitaka baadaye anwani yako mwenyewe inayoishia kwa co.ke, utailipia kila mwaka.

3. Linda akaunti. Tumia nenosiri refu ambalo hulitumii kwingine, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Ukitumia saiba, hakikisha umeondoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

4. Andika kwa lugha ambayo wasomaji wako wanaielewa. Kichwa kiseme wazi kilichomo: "Jinsi ya kutunza vifaranga wiki ya kwanza" kinafaa kuliko "Mambo ya kuku". Weka tarehe, hasa ukitaja bei, kwa sababu bei ya Machi si ya Agosti.

5. Punguza ukubwa wa picha. Picha nzito humaliza bando la msomaji, naye huondoka kabla ukurasa haujafunguka.

6. Tuma anwani ya makala katika makundi yako. Makala moja kila wiki mbili, bila kukosa, ni bora kuliko kumi kwa mwezi mmoja na kisha kimya.

Haki zako na mipaka yake

Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kujieleza. Kifungu hicho hicho hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na kinakutaka uheshimu haki na sifa za wengine. Anayemharibia mtu jina kwa uongo anaweza kushtakiwa, hata kama blogu yake ina wasomaji kumi pekee.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu. Usichapishe nambari ya kitambulisho, simu au hali ya afya ya mtu bila idhini yake. Kwa taarifa za mtoto, idhini ya mzazi au mlezi inahitajika. Orodha ya waliopata basari, ikiwa na majina na nambari za vitambulisho, si kitu cha kupiga picha na kubandika. Picha na maandishi ya wengine pia yana wenyewe. Omba ruhusa kabla ya kuyatumia.

Ukisikia fununu kuhusu mradi wa umma, usiiandike kabla ya kuuliza. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kila raia anaweza kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma, ikiwemo ya kaunti. Ofisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ombi linaweza kuwa kwa Kiswahili au Kiingereza.

Na pesa?

Blogu inaweza kuleta pesa, lakini si haraka. Matangazo ya Google AdSense hulipa tu mapato yakifika kiwango kilichowekwa, ambacho kwa dola ni 100, na blogu yenye wasomaji wachache huchukua muda mrefu kufika hapo. Kwa wengi, faida ya kwanza ni wateja: mwenye kitalu cha miche anayeeleza vizuri jinsi ya kupanda parachichi hupigiwa simu na wanaotaka miche. Jihadhari na yeyote anayekudai "ada ya usajili" akiahidi kukulipa kwa kuandika. Kufungua blogu ni bure.

Kikundi cha akina mama, chama cha wakulima au kilabu cha shule kinaweza kuanza kwa simu moja na makala moja. Andikeni mnachokijua, mkitie tarehe, na msahihishe mara moja mkigundua kosa. Msomaji akiona mnasahihisha, atarudi kusoma tena.