Samaki wa Maji ya Kasi: Namna ya Kuwafuga Katika Tangi la Kioo

Nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kibondo na Kasulu hadi Munanila iliyo jirani na mpaka wa Burundi, ni nchi ya vilima na vijito. Maji ya vijito hivyo huteremka kwa kasi juu ya mawe, yakaingia katika Mto Malagarasi au Luiche, na mwisho yakaishia katika Ziwa Tanganyika. Wengi hudhani kwamba samaki hawezi kukaa penye mkondo mkali kiasi hicho. Ukweli ni kinyume. Wapo samaki ambao hawawezi kuishi pengine popote, na wakitiwa katika maji yaliyotuama hufa upesi.

Miongoni mwao ni samaki wadogo wa jenasi ya Chiloglanis, walio wa ukoo mmoja na gogogo. Aghalabu urefu wao hauzidi sentimita 10. Midomo yao imepanuka na kuungana ikawa kama kisahani, na kwa kisahani hicho samaki hujibandika juu ya jiwe, huku akikwangua mwani na kula viluwiluwi vya wadudu. Mwaka 2011 wataalamu walizitangaza spishi tatu mpya za jenasi hii kutoka Luiche na sehemu ya chini ya Malagarasi. Mojawapo iliitwa Chiloglanis igamba, kwa jina la maporomoko ya Igamba.

Huko Asia, katika vijito vya Vietnam na kisiwa cha Borneo, wako samaki wa ukoo mwingine kabisa ambao wamekabili taabu ile ile. Wao hawatumii mdomo kujishikiza. Mapezi yao ya kifuani na ya tumboni yametanuka na kuuzunguka mwili bapa, hata samaki mzima amekuwa kama kisahani kimoja. Mmoja wao, Sewellia lineolata, hufugwa sana majumbani Ulaya na Marekani, naye huzaana katika tangi. Hivyo yale yaliyojulikana kuhusu ufugaji wake yaweza kutufaa sisi kwa samaki wetu.

Siri ya mkondo na hewa

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini samaki hawa hawasombwi. Maji yapitayo juu ya jiwe hukwama kidogo pale yanapoligusa; tabaka jembamba lililo karibu na jiwe huenda polepole kuliko maji ya juu yake. Samaki aliye bapa hulala ndani ya tabaka hilo, mkondo ukampita mgongoni.

Jambo la pili ni oksijeni. Maji ya baridi huchukua oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kuyeyusha miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hupungua hadi miligramu 7.5 tu. Mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,500, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, kiasi hicho hupungua tena kwa karibu sehemu moja ya sita. Basi mfugaji wa milimani ana neema ya ubaridi, lakini hapana budi ayachangamshe maji yake daima.

Kulitengeneza tangi

Tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40 latosha. Likijazwa maji hadi kimo cha sentimita 35 litabeba lita 140, yaani kilo 140 kabla ya kuhesabu mawe. Kwa hiyo meza yake iwe imara. Sakafuni tia changarawe, kisha mawe laini ya mtoni yaliyosuguliwa na maji. Mawe yenye ncha kali huwajeruhi samaki matumboni.

Mkondo uende upande mmoja, kama mto. Weka pampu ncha moja ya tangi, na katika ncha ya pili weka sifongo. Viunganishe kwa mabomba ya plastiki yaliyolazwa chini ya changarawe, ili pampu ivute maji kupitia sifongo na kuyarusha tena juu. Kila saa pampu ipitishe maji mara kumi ya ujazo wa tangi, yaani lita 1,400 hivi. Funika tangi, kwani samaki hawa hupanda vioo.

Palipo na chemchemi mlimani, umeme si lazima. Maji ya mserereko, kiasi cha ndoo moja ya lita 20 kwa dakika, yaweza kuletwa kwa bomba, yakapita tangini na kurudi kijitoni yalikotoka. Njia hii yafaa kwa samaki wa kijito kile kile tu. Maji yaliyopita kwa samaki wa kigeni yasirudishwe mtoni kamwe.

Subira kabla ya samaki

Tangi la pampu lisitiwe samaki siku ile ile. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita kuenea katika sifongo na mawe, nao hawana budi kulishwa tangu mwanzo kwa chembe kidogo za chakula cha samaki. Muda huo weka mawe mengine katika beseni la maji juani mpaka yafanye mwani. Hayo ndiyo malisho. Yabadilishe kwa zamu, la beseni liende tangini na la tangini lirudi beseni.

Kila juma badilisha robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi angalau siku moja. Umeme ukikatika, usiwalishe samaki. Chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara.

Kuzaana, na kuandika

Sewellia hutaga mayai katika changarawe, na watoto huonekana baadaye wakitambaa juu ya kioo. Wafugaji huchochea utagaji kwa kubadilisha maji kwa yaliyo baridi kidogo, wakiiga mvua. Habari za kuzaana kwa Chiloglanis tangini ni chache mno. Mwalimu au mwanafunzi atakayewafuga samaki sita au wanane, akaandika kila siku joto la maji, chakula na mwenendo wao, atakuwa anafanya sayansi halisi. Kabla ya kuwavua, amwone afisa uvuvi wa wilaya na kupata kibali.

Jambo hili si mchezo wa anasa. Samaki anayeishi kwa kujibandika juu ya jiwe safi hutoweka mara tu jiwe linapofunikwa na tope, na tope hutoka katika mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile ziwezazo kuyaharibu mazingira yake, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tia kijiko cha udongo katika bilauri ya maji ya tangi, ulilaze humo jiwe lenye mwani, na uwaite watoto walitazame kesho yake. Watafahamu wenyewe sababu ya sheria hiyo.