Ufugaji wa sato ndani ya nyumba: Maji kwanza, samaki baadaye

MFUGAJI wa sato ndani ya nyumba hapewi muda mrefu wa kujiandaa na maafa. Jioni anaweza kuwaacha samaki wake wakigombea chakula, na ifikapo saa 11 alfajiri akakuta nusu yao wanaelea, matumbo yakiwa juu.

Lawama huelekezwa haraka kwenye ugonjwa, pengine hata kwa jirani mwenye kijicho. Hata hivyo, samaki wengi wanaofia kwenye matangi huuawa na maji yenyewe.

Jambo hilo lina uzito wake katika maeneo kama Kimuli, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni nchi ya migomba, maharage na kahawa. Samaki mbichi wa Ziwa Victoria hufika huko baada ya safari ya barabara, na mlaji ndiye anayeilipia safari hiyo.

Ndipo unapoingia ufugaji uitwao akwaponiki, ambao huunganisha tangi la samaki na kitalu cha mboga kisicho na udongo. Pampu hupandisha maji kutoka kwenye tangi hadi kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mchicha, sukuma wiki au nyanya, kisha maji hayo hurudi kwa samaki yakiwa yamesafishwa.

Kinachosafisha si kokoto, bali bakteria wanaoishi juu yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula huiongeza. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza kuwa naitreti, ambayo ni chakula cha mimea na haina madhara makubwa kwa samaki.

Bakteria hao hawaji kwa siku moja. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na katika maji ya baridi huchelewa zaidi. Mfugaji anayenunua tangi Jumamosi na kumimina vifaranga Jumapili anawaweka katika maji yasiyo na msafishaji.

Idadi ya samaki ni mtego wa pili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo, lilishauri kilo 10 hadi 20 za samaki kwa kila lita 1,000 za maji. Kwa sato wanaovunwa wakiwa na gramu 500, hiyo ina maana ya samaki 20 hadi 40, si 200 kama wengi wanavyotamani.

Mwongozo huo pia uliweka gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani. Anayelisha gramu 200 kwa siku anahitaji basi mita nne hadi tano za mraba za mboga. Akiwa na kitanda kidogo kuliko hapo, naitreti itarundikana. Chakula kisicholiwa ndani ya nusu saa hakina budi kuondolewa, kwani kikioza huleta amonia ile ile.

Kwa Kimuli, baridi ni suala la kutazamwa kwa makini. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Karagwe na Kyerwa ziko juu zaidi. Sato hustawi katika nyuzi joto 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo na kukua polepole, na kinga yake ya mwili hudhoofika.

Tangi jeusi lililofunikwa, likiwekwa upande wa nyumba unaopata jua na kuzungushiwa majani makavu ya mgomba, hutunza joto la mchana. Usiku wa baridi kali ukifuata, chakula kipunguzwe. Samaki aliyepoa hamalizi kula alichopewa.

Maji ya mvua, ambayo ni tegemeo la kaya nyingi za huko, yana hila yake. Ni masafi, lakini hayana madini ya kuzuia mabadiliko ya pH. Bakteria wanapofanya kazi huzalisha tindikali, na katika maji ya namna hiyo pH huweza kushuka chini ya 6. Hapo bakteria hudorora na amonia huanza kubaki majini.

Maganda ya mayai yaliyosagwa na kutiwa katika mfuko wa wavu hurekebisha hali hiyo taratibu, na taratibu ndiyo inayotakiwa. Amonia iliyomo majini huwa kali karibu mara kumi pH inapopanda kwa namba moja, hivyo anayemwaga chokaa kwa pupa anaweza kuwaua samaki aliotaka kuwaokoa. Kiwango cha kati ya 6.5 na 7.5 huwafaa samaki, mimea na bakteria kwa pamoja.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana, nayo imo ndani ya nyumba yenyewe. Dawa nyingi za kuua mbu ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa kipimo kidogo tu huua samaki. Kagera ni mkoa uliowahi kufikiwa na kampeni za kupulizia dawa-ukoko majumbani katika vita dhidi ya malaria. Mpulizaji anapofika, tangi lifunikwe kabisa na kipuliza hewa kizimwe kwa muda wa kazi hiyo, ili kisivute mvuke.

Vivyo hivyo, chandarua chenye dawa kisitumike kufunika tangi wala kuvulia vifaranga. Bomba la kupulizia dawa kwenye kahawa lisioshwe karibu na maji hayo, na mboga za kitandani zisipuliziwe maji ya tumbaku, ingawa ni dawa ya asili.

Umeme nao ukikatika, pampu husimama. Anayefuga samaki wachache ana saa kadhaa za kujinusuru; anayerundika hana. Chakula kisimamishwe mara moja, na maji yachotwe kwa jagi na kumwagwa kutoka juu ili yachukue hewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya sola ni gharama inayostahili kutangulia ile ya vifaranga.

Samaki wakipanda juu na kuhema kwa midomo, dalili hiyo humaanisha upungufu wa oksijeni au matamvua yaliyoungua kwa amonia. Hatua ya kwanza ni kubadilisha robo hadi theluthi ya maji. Viuavijasumu visimiminwe tangini, kwa kuwa huua bakteria wasafishaji. Mgonjwa atengwe katika ndoo.

Hata hivyo, magonjwa halisi yapo. Kirusi cha sato kilichotambuliwa Israel na kuelezwa na wanasayansi mwaka 2014 kiliripotiwa mwaka 2018 katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Kwa sababu hiyo, vifaranga vinunuliwe kwa wazalishaji wanaotambuliwa na maofisa uvuvi, kisha vitengwe wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Wanaozidi wasimwagwe kwenye mabwawa au vijito vinavyoelekea Mto Kagera. Sato mwenyewe aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na ngege na mbiru, samaki wa asili wa ziwa hilo, wakaja kuwa adimu baada ya ujio wake na wa sangara.

Wakifa wengi kwa siku chache, ofisa uvuvi wa wilaya aarifiwe kabla tangi halijaoshwa, na mizoga ifukiwe mbali na chanzo cha maji.