Telefone ya trezorie ikiibwa, mukimbilie numero kwanza

Mutaniuliza: agronome anatafuta nini katika mambo ya telefone, na mbegu za mahindi bado hatujazigawanya? Jibu ni hili. Kwa koperative nyingi, telefone imekuwa chombo cha shamba sawa jembe. Ndani yake munapita makuta ya angre, majina ya memba, bei ya lengalenga na shu ku soko, na hata picha za viwavi munazotuma asubuhi kuuliza ni dawa gani ya kupuliza. Mwizi akiibeba, vyote hivyo vinaenda naye, na mara nyingi vinaenda wakati mubaya.

Wakati mubaya tunaujua. Mwezi wa 10 na wa 11, mbele ya mvua kukamata vizuri, kila memba anatuma mchango wake kwa trezorie ili tununue NPK na urea kwa pamoja. Kwa majuma mawili ao matatu, telefone ya mama mumoja ao ya baba mumoja inabeba mbolea ya familia nyingi. Tuseme ni mama. Anapanda taksibusi pale karibu na universite, anashuka mjini, anaingiza mukono mu sakoshi: telefone haiko.

Watu wengi wanafanya nini hapo? Wanaazima telefone ya jirani na kupiga numero yao mara kumi. Wanarudi pale waliposhukia. Wanauliza shofere, wanauliza konvayere, wanamupigia bwana nyumbani. Saa mbili zinapita hivyo. Mwizi yeye hana haja ya saa mbili.

Muelewe jambo moja, mengine yatafuata. Makuta hayako ndani ya telefone. Yako kwa kompanyi ya rezo, na yamefungwa na numero. Mwizi mwenye akili hata haangalii telefone kwanza. Anatoa SIM, anaiingiza mu katelefone kadogo ka bei ya chini, anabonyeza *1122# ya M-Pesa, ao *501# ya Airtel Money, ao *144# ya Orange Money. Kilichobaki kati yake na mbolea yenu ni kode ya siri ya tarakimu 4. Ikiwa kode hiyo ni 1234, ao mwaka wa kuzaliwa, na karte ya kupigia kura iko ndani ya kava ya telefone pamoja na ile SIM, basi munaona wenyewe.

Ndiyo sababu ninasema: telefone muiache kwanza, mukimbilie numero. Piga ku msaada wa rezo kwa telefone ya mutu mwingine wa rezo ileile, ao ingia ku biro yao ya karibu, na useme maneno mawili: mufunge SIM, mufunge na konti ya makuta. Vyote viwili. Kuna watu wanaofungisha SIM na kufikiri konti imefungwa pia. Uliza wazi, ungoja wakujibu wazi. Kama hujui numero ya msaada, mwenye kabine yoyote anaijua, na kabine hazikosi ku barabara.

Hapa kuna mutego wetu sisi watu wa Kongo: telefone moja iko na SIM mbili, na mara nyingine iko na ya tatu mu kava. Ile ya 081 haifungwi ku biro ya wale wa 099. Ukifunga moja na kusahau nyingine, umefunga mulango na kuacha dirisha wazi. Na uandike saa uliyofungisha. Andika hata ku mukono kama karatasi haiko. Tutaona mbele kazi ya ile saa.

Kisha kufunga, ndiyo kurudisha numero. Usinunue numero mupya! Numero ya zamani inaweza kurudi mu SIM mupya, na pamoja nayo konti na makuta yaliyobaki. Biro itaomba kitambulisho, na inaweza kukuuliza mambo ambayo mwenye numero tu anajua: numero unazopigia sana, mara ya mwisho uliweka unite lini. SIM lazima iwe imeandikishwa kwa jina lako. Sasa, ni wangapi kati yetu wanatumia SIM iliyoandikishwa na kijana wa kabine kwa jina lake, ao na shemeji aliyehamia Likasi? Huyo atapata shida kubwa siku hiyo. Trezorie wa koperative hatakiwi kabisa kushika makuta ya watu kwa SIM ya jina la mutu mwingine. Na kama karte ya kupigia kura iliibwa pamoja, pita kwanza ku komine kuomba atestasio ya kupoteza vitambulisho, juu bila karatasi biro ya rezo haitakusikiliza.

Tuje kwa WhatsApp, ambako hasara ya pili inazaliwa. Mwizi akiwa na SIM yako wazi, anaweza kuingiza numero yako mu WhatsApp ya telefone ingine. Kode ya tarakimu 6 inakuja kwa SMS, ku ile SIM aliyoshika. Ao telefone haikuwa na kufuli, na anaandika moja kwa moja mu grupe ya koperative: "Wapendwa, kamio ya angre imefika Kasumbalesa, inabakia kidogo tu ya duane, kila mutu atume elfu makumi tano kwa numero hii ingine, ya kwangu iko na panne." Jina ni la trezorie, picha ni ya trezorie. Nani atakataa? Memba watano wakituma mbele ya mumoja kushituka, mwizi amekula bila hata kujua kode ya M-Pesa.

Kwa hiyo kila grupe iwe na waadmini wawili ao watatu, wasiokaa nyumba moja. Anayesikia habari ya wizi wa kwanza anatoa ile numero mu grupe palepale, bila kungoja ruhusa ya prezida, na anatuma ujumbe wa sauti ili watu wamutambue. Tena muwekeane sheria mu koperative: hakuna makuta yanatumwa juu ya maandishi tu. Paka umupigie mutu, usikie sauti yake, ndipo utume. Inachelewesha kidogo, ninajua, na kuna wazee wataona ni kuwavunjia heshima. Waelezwe.

Ukisha kupata SIM mupya, weka WhatsApp ku telefone yoyote, andika numero yako, ingiza ile kode ya SMS. Mwizi anatupwa inje palepale, juu numero haiwezi kuwa na telefone kuu mbili. Kama yeye aliwahi kuweka PIN yake ya hatua ya pili, utangoja siku 7 kuingia, lakini na yeye hataweza kuandika kwa jina lako. Dawa ni wewe kumutangulia: weka PIN ya hatua ya pili leo, ingali telefone iko mukononi.

Na kufuata telefone yenyewe? Inawezekana. Telefone za Android, ambazo ndizo nyingi kwetu, ziko na konti ya Google. Kwa telefone ingine ao ordinatere unafungua android.com/find, unaingiza adrese na neno la siri, na ikiwa telefone inawaka na ina mega, karte inaonyesha iko wapi. Unaweza kuifunga kutoka mbali, na unaweza kufuta vyote vilivyo ndani. Anza na kuifunga. Kufuta iwe ya mwisho, juu kisha kufuta usitegemee tena kuona iko wapi. Lakini nani kati yetu anajua neno la siri la Google yake? Watu wengi walifunguliwa konti na muuzaji palepale ku magazini, siku ya kununua, na kijana yule ameshasahau. Kaa chini na mutoto wako anayesoma, mubadilishe lile neno, muliandike mu kaye inayobaki nyumbani.

Sasa karte ikikuonyesha telefone iko komine ya Kenya, nyuma ya soko, usikusanye vijana na fimbo. Alama ile ku karte inaweza kukosa kwa nyumba mbili tatu, na tunajua Lubumbashi watu wanamufanyia nini mutu aliyeitwa mwizi mu barabara. Kijana asiye na kosa akifa juu ya telefone, hakuna mbolea italipa. Peleka habari ku polisi, na uombe karatasi ya kuonyesha kwamba umeshitaki.

Hapo watakuuliza IMEI. Ni numero ya tarakimu 15 ambayo kila telefone inazaliwa nayo. Yenye SIM mbili iko na IMEI mbili. Bonyeza *#06#, itaonekana. Iko tena ku karto na mara nyingi ku faktire. Telefone ikikutwa kwa fundi ao kwa muuzaji, ile numero ndiyo inasema ni yako, hata kama wamebadilisha kava na picha. Wengine watakumbuka RAM, ile iliyoanza mwaka 2020 na kukata unite zetu. Walituambia kati ya mengine kwamba itasaidia juu ya telefone za wizi. Iliondolewa mwaka 2022. Mimi ninasema musilime juu ya ahadi ya namna hiyo: IMEI iandikwe mu kaye yako, na kufuli la kweli liwe ku SIM na ku konti.

Kama telefone imepotea tu, imeanguka mu migongo ya viazi ao ku moto, mambo ni mepesi zaidi. Piga kwanza, aliyeiokota anaweza kuwa mutu muzuri. Bandika nyuma ya telefone kakaratasi kenye numero ya mutu wa nyumbani, si ya kwako mwenyewe (wengine wanaandika numero ya ile telefone ileile!). Mukikubaliana kukutana, iwe kwa shefu wa kartie ao mahali pa watu wengi, na utoe kitu cha kushukuru. Lakini usingoje usiku kucha. Ikifika jioni bila jibu, funga numero kama vile imeibwa.

Nirudi sasa kwa ile saa niliyosema muandike, juu hili ndilo linavunja koperative kuliko wizi wenyewe. Trezorie anakuja ku mukutano, anasema: telefone imeibwa, makuta yameenda. Nusu ya memba wanamuhurumia, nusu wanaangaliana. Hakuna mutu anasema kitu, lakini mwaka unaofuata watu kumi hawaleti mchango. Muleta wasiwasi si lazima awe mubaya. Hana tu kitu cha kushika. Basi mumupe kitu cha kushika. Mwenye konti anaweza kuomba ku kompanyi ya rezo historia ya konti yake: kila makuta yaliyotoka, siku gani, saa gani, kwenda numero gani. Muweke karatasi hiyo kando ya saa ambayo telefone ilipotea, na saa ambayo SIM ilifungwa. Makuta yakitoka siku tatu mbele ya wizi, kuna maswali. Yakitoka kati ya saa ya wizi na saa ya kufunga, trezorie wenu anasema kweli. Yakitoka kisha kufungwa, muulizeni kompanyi, na karatasi ya polisi mukononi.

Kwa ajili hiyo kila jioni trezorie anaandika mu kaye ya koperative ujumbe wote wa siku: jina, makuta, saa, na ile referanse ndefu inayokuja na SMS. Sekretere anaweka sahihi kando yake. Ni dakika kumi. Telefone ikienda, kaye inabaki, na hakuna memba atapoteza mifuko yake kwa kukosa alama.

Hata hivyo ninaona ni hatari kuacha makuta ya wote mu numero ya mutu mumoja kwa majuma matatu. Koperative yenye konti ya banki ao ya koopeki ipeleke kila juma, na kutoa kuombe sahihi mbili. Ile isiyo na konti inunue kidogo kidogo: ikifika bei ya mifuko kumi, nunua mifuko kumi, weka mu depo. Mwizi wa taksibusi hawezi kubeba urea mu mufuko wa suruali. Tena telefone ya trezorie isiachwe kuchaji kutwa nzima kwa watu wa jenereta wakati umeme wa SNEL umekatika, ao atoe SIM kwanza na kwenda nayo.

Limebaki moja ambalo karibu hakuna mutu analifanya: PIN ya SIM yenyewe. Si ile ya M-Pesa, si ile ya kufungua kioo. Ukiiweka, mwizi akihamisha SIM ku telefone ingine, inamuomba PIN mbele ya kitu chochote. Hapati SMS, hapati kode ya WhatsApp, hafungui menyu ya makuta. Akikosea mara 3 inajifunga, na inaomba PUK ya tarakimu 8, iliyoandikwa ku kikaratasi cha plastiki SIM ilimotoka. Musibahatishe PUK: mukikosea mara 10, SIM imekufa. Ku mafundisho ya kupanda mahindi, kila trezorie na kila sekretere alete telefone yake na hicho kikaratasi. Kama kimepotea, apite kwanza ku biro ya rezo kuomba PUK. Tutaweka PIN kwa pamoja mbele ya kwenda shambani.