Kutengwa Huumiza Akili: Kamati Zifanye Nini?

Baadhi ya kamati za usharika hutuuliza: mzazi akigundua kwamba mtoto wake mtu mzima anavutiwa na watu wa jinsia yake, tumshauri nini? Tuanze kwa kuelewa kinachoumiza.

Shirika la Afya Duniani liliondoa hali hiyo katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Basi kwa nini wengi wao husumbuliwa na sonona? Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer wa Marekani alieleza kwamba kudharauliwa, kubaguliwa na kuishi kwa kujificha humwongezea mtu msongo wa mawazo, juu ya shida ambazo sote tunazo. Kuwa na watu wanaompokea humpunguzia mzigo huo.

Familia ina nafasi kubwa. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake walichapisha utafiti wa vijana 224 wa California, wenye miaka 21 hadi 25. Waliokataliwa sana na familia zao walipokuwa wakikua walikuwa na uwezekano wa kujaribu kujiua mara 8.4 zaidi ya waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa.

California ni mbali, lakini kufukuzwa nyumbani hata kwetu tunakujua. Tunaziomba kamati zitunze siri, zisikilize, na zisimshauri mzazi kumfukuza mtoto. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake; apelekwe hospitali. Mzazi anaweza kutokubaliana na mwanawe, na bado akamwekea chakula chake.