Maneno Matatu katika Historia ya Jamii ya Garissa

Mwenye kuchunguza mabadiliko ya jamii katika historia ya karibuni hutegemea sana majalada ya serikali. Kwa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya tegemeo hilo halitoshi, kwani majalada yaliandikwa kwa Kiingereza na watawala, ilhali kumbukumbu za wafugaji zimo katika Kisomali, lugha iliyopata maandishi rasmi ya Kilatini, nchini Somalia, mwaka 1972 tu. Kwa hiyo msamiati wenyewe yafaa usomwe kama ushahidi.

Mathalani, neno shifta. Asili yake ni Kiamhari, lenye maana ya mnyang'anyi au mwasi wa porini. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 28 Desemba 1963, majuma mawili baada ya uhuru, ndilo walilobandikwa waliopigania kuungana na Somalia. Dai la siasa likageuka uhalifu. Na mtafiti alitumiaye bila kulihoji amekwisha kuchagua upande.

Manyatta lina kisa kizito zaidi. Kwa Wamasai ni maskani. Kaskazini Mashariki, kuanzia 1966, lilikuwa jina la vijiji vyenye ulinzi ambamo serikali iliwakusanya wafugaji ili kuwatenga na wapiganaji. Sasa, ngamia hafugiki mahali pamoja. Hufuata mvua na malisho. Waliozuiwa humo walipoteza mifugo, na aliyepoteza ngamia hakupoteza maziwa na usafiri tu, bali pia mahari na dia ya kulipia damu, yaani vifungo vya ukoo wenyewe. Mapatano ya Arusha ya 1967 yalituliza vita, ngamia hawakurudi. Wengi walibaki kandokando ya miji, na hapo ndipo historia ya jamii inapoanza pale historia ya vita inapokoma.

Neno la tatu ni Kenya. Msafiri wa Garissa aliyevuka daraja la Tana kuelekea Nairobi alizoea kusema anakwenda "Kenya". Watu wa kusini huucheka usemi huo; wengine huuona uasi. Lakini tangu sheria ya kikoloni ya 1902 eneo hilo lilitengwa kwa vibali, sheria za hali ya hatari zikadumu hadi 1991, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walihojiwa uraia wao na kupewa vitambulisho vya pekee. Msemaji alieleza tu mpaka uliokwisha kuchorwa na wengine. Iwapo usemi huo unafifia miongoni mwa vijana waliokulia chini ya serikali za kaunti, tangu 2013, ni jambo la kupimwa kwa sikio, huko huko Garissa.